Bastola ya kuanzia kwa mkono mdogo, na masikio yaliyo chini ya hijabu

BintiUnguja_Ohio: Asalaam aleykum wakuu. Niko Columbus, nimejiandikisha darasa la shabaha la wanaoanza. Uwanja wenyewe ni wa ndani, na bastola zinakodishwa pale pale. Mume wangu kashikilia Ruger LCP, eti "ndogo, ya kike". Nimeishika dukani, kidole cha mwisho kinaning'inia tu, hakina pa kukamata. Jengine, mimi navaa hijabu. Masikio nayakingaje?

MzeeShabaha: Dada, mwambie shemeji huo udogo ndio adha yenyewe. LCP haifiki gramu 300, na inapiga risasi ya .380, kwa hiyo teke lote, ule msukumo wa nyuma ukipiga, linakuja kiganjani. Kodi kwanza ya risasi ndogo za .22, mfano Ruger Mark IV. Ni nzito, teke lake halina maana, na risasi zake ni za bei rahisi. Ukishaweza kubonyeza kifyatulio bila kufumba macho, ndipo ujaribu ya milimita 9, saizi ya Glock 19.

Dukani, ikishahakikishwa haina risasi, elekeza mtutu pasipo na mtu. Kamata mpini juu kabisa, mtutu unyooke na mfupa wa mkono. Kidole cha shahada kikifika kwenye kifyatulio bila wewe kuupinda mkono, hiyo ni saizi yako. Kisha vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma. Usiivute kwa vidole viwili, ikamate kwa kiganja kizima halafu usukume mpini mbele. Ikigoma kabisa, ulizia Smith & Wesson Shield EZ, springi yake imelegezwa makusudi.

UmmSalha: Habibty, masikio niachie mimi, navaa hijabu vile vile. Ukivaa vifuniko vya masikio juu ya kitambaa, sauti inapenya pembeni. Bastola inapita desibeli 140, na ndani ya kuta nne ni balaa. Anza na vizibo vya sponji. Visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka kivimbe. Sauti yako ikisikika kama unasemea mtungini, kimekaa. Halafu vifuniko vigusane na ngozi, hijabu ije juu yake. Chagua hijabu pana ya kitambaa cha jezi kinachonyumbulika, shifoni inateleza.

Na usidanganywe na hesabu: vizibo vya kupunguza desibeli 33 na vifuniko vya 22 havifanyi 55. Cha pili kinaongeza kama desibeli 5 tu. Lakini vaa vyote viwili.

BintiUnguja_Ohio: Ahsanteni. Mume kasoma, kanyamaza 😄 Mimi ni wa mkono wa kushoto, hiyo Mark IV itanifaa?

MzeeShabaha: Itakufaa, kitasa chake cha usalama kiko pande zote mbili. Ila maganda yanarukia kulia yakiwa ya moto, basi miwani ya kukinga macho usiisahau, ya mikono myembamba isiinue vifuniko. Shingoni hijabu itakusitiri. Wenzako wenye kola wazi utawaona wanavyoruka.