Kitabu kwanza au muvi kwanza? (watoto, sinema na likizo ya Tanga)

Mama wa Leicester anaandika:

Assalaam aleikum na habari za jioni nyote, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri manake hapa nyumbani kumechafuka. Binti yangu ana miaka 11, tangu mwaka jana kakamatwa na vile vitabu vya Percy Jackson, yule mtoto ambaye babake ni mungu wa bahari wa Wagiriki, vitano vya mwanzo vyote kavimaliza, vingine mara mbili. Sasa Jumamosi nikasema ngoja nimfurahishe, nikamuwekea ile muvi ya 2010, nikakaanga bisi, nikakaa naye. Jamani mtoto kalia. Haikufika nusu saa kanyanyuka kapanda juu kafunga mlango, eti mama huyo siyo yeye, yeye ana miaka 12 kama mimi ntakavyokuwa mwakani, huyu ni mkaka mkubwa kabisa. Mie nikaona ananidekea nikamfokea, nikamwambia wenzio huko Tanga hata tv hawana we unalilia muvi. Mpaka leo kaninunia na mimi roho inaniuma.

Naomba kujua wenzangu mnafanyaje, mnawapeleka kuona muvi za vitabu wanavyovipenda au mnawazuia? Na la pili, mwezi wa saba tunakuja nyumbani wiki tano, anataka ashushe sirizi ile mpya ya 2023 kwenye tableti aje nayo, je huko itafunguka au tutaaibika?

Kaka wa Hamburg anaandika:

Wa aleikum salaam dada, pole sana. Nianze na tableti manake hilo rahisi. Kila nchi ina orodha yake ya vitu kwenye hizo huduma za kuangalia muvi kwa intaneti, kwa hiyo kilichopo Leicester usitegemee kukikuta ukifungua Tanga. Vilivyoshushwa navyo vina muda wake, vikipitwa vinajifunga mpaka uunge intaneti. Shusha siku moja kabla ya safari, halafu ukiwa bado nyumbani kwako zima intaneti kabisa ujaribu kufungua kila episodi, sie mwaka juzi hatukujaribu tukafika Chumbageni pale Tanga tableti tupu na watoto wawili wanatutazama usoni.

La kwenda sinema, mie naangalia umri ulioandikwa. Huku Ujerumani ni 0, 6, 12, 16 na 18, ile ya 12 mtoto wa miaka 6 kwenda juu anaruhusiwa akiwa na mzazi. Kwenu Uingereza kuna 12A, yaani aliye chini ya miaka 12 lazima aingie na mtu mzima. Hizo za watoto wa shule wenye uchawi nyingi zinaangukia hapo. Lakini dada kile kibao kinakwambia kuhusu damu na matusi tu, kama muvi imemheshimu mtoto aliyesoma kitabu hakikwambii, na hilo naona ndilo linalokusumbua. Shangazi wa Raskazone yupo humu na ni mtu wa vitabu, shangazi tunakuomba uingie.

Shangazi wa Raskazone anaandika:

Marahaba wanangu. Nimechelewa, jana umeme ulikatika toka magharibi na simu ikazima.

Mama wa Leicester mwanangu, nenda kamuombe radhi huyo mtoto. Nakwambia kwa upendo. Yule hadeki, kafiwa na rafiki. Mwaka mzima kakaa na kijana wa miaka 12 anayeshindwa kusoma sawasawa, anayefukuzwa shule hii na ile, kijana ambaye angeweza kukaa naye dawati moja, halafu anakuja mtu kamuwekea mwingine mrefu, anaendesha gari, anamwambia rafiki yako ndo huyu. Walimuongeza umri ili wavute vijana wakubwa wanaonunua tiketi, wakapiga ya pili 2013 mambo yakaishia hapo, vitabu vitano muvi mbili. Sirizi ndo ikamrudisha kwenye miaka 12 yake na mwandishi mwenyewe safari hii kashiriki kuitengeneza. Kwa hiyo binti yako ana miaka 11 na kaona kosa ambalo watu wazima wenye mamilioni ya dola hawakuliona.

Mie nimeishi Cardiff miaka mingi kabla sijarudi Tanga, nimelea wangu kule na sasa nakaa na wajukuu wa dada zangu hapa barazani kila jioni, wanasoma na kuangalia, kwa hiyo hili swala nimeliwaza sana. Na nikwambieni nilichokiona. Watu wanasema muvi inaharibika kwa sababu imebadilisha kitabu. Mie sikubali. Inaharibika pale inapokunyang'anya siku.

Chukueni lile joka la kitabu cha Eragon. Mwandishi alianza kukiandika akiwa kijana wa miaka 15, mwanzo wakakichapisha wenyewe na wazazi wake, 2003 ndo kampuni kubwa ikakichukua. Kitabuni yule kijana anapata yai, linaanguliwa, kinatoka kijoka kidogo cha kubebeka mkononi, anakificha msituni, anakijengea kibanda juu ya mti, anapeleka nyama kwa siri mjomba wake asijue, baridi kali na yeye anakwenda tu, na joka linakua kidogo kidogo mpaka siku linapomwita kwa jina lake. We msomaji umelilea naye. Umeogopa naye lisionekane. Sasa muvi ya 2006, kijoka kinaruka juu, mawingu yanazunguka, radi, kinashuka kimeshakuwa joka zima la kupandwa. Dakika haikwisha! Halafu mwishoni likiumia wanategemea ulie. Ulie kwa ajili ya nani, hujalilisha hata siku moja.

Na ngoja niwape kisa cha kweli. Mjukuu wangu mmoja wa Ngamiani hiyo muvi aliiona kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonesha video, ile iliyotiwa sauti na DJ anayetafsiri juu kwa juu, na yeye aliipenda mno. Mie nikashangaa, kumhoji nikakuta DJ pale joka linapokua alisimulia kwamba hapa miezi imepita, kijana kateseka, kaiba nyama, kapigwa na baridi. Yaani yule DJ kakirudisha kilichokatwa! Sijui kama alisoma kitabu au alitumia akili yake ya msimuliaji, lakini alijua kwamba hapo pana shimo na mtu hawezi kulivuka bila daraja. Watu wanawadharau wale madj, mie nawaheshimu.

Kuna na ugonjwa mwingine, ule wa kupiga muvi kama mlango wa muvi ijayo. The Golden Compass ya 2007, picha nzuri ajabu, mpaka ikapewa Oscar ya vifekti, yaani zile mbinu za picha za ajabu, lakini mwisho wa kitabu, ule unaouma, ule ambao msichana anagundua kampeleka rafiki yake mahali pa kufa bila kujua, waliupiga kabisa halafu wakaukata, eti utafungulia muvi ya pili. Ya pili haikuja. Watoto wakatoka sinema wanacheka. Ilibidi wangoje mpaka 2019 ndo ikaja sirizi, misimu mitatu kwa vitabu vitatu, ikaisha 2022, na mwisho ule ukawekwa mahali pake. Na ile Divergent, ingawa ile siyo ya uchawi, kitabu cha mwisho wakakigawa vipande viwili kwa tamaa ya tiketi, kipande cha kwanza kikaanguka 2016, cha pili hakikupigwa mpaka leo, mtoto aliyeishia kwenye muvi hajui mwisho wake.

Sasa mtaniuliza mbona Harry Potter imesimama, muvi nane kwa vitabu saba, 2001 mpaka 2011. Nao walikata sana, yule Peeves mzimu mtundu wa shuleni hayumo kabisa na wajukuu wangu hawajasamehe. Lakini wale watoto watatu walioanza ndo waliomaliza, miaka kumi, tumewaona sauti zinakatika, tumewaona wanarefuka. Siku zilizokatwa kwenye kitabu zikalipwa na siku za kweli. Hiyo huwezi kuinunua kwa vifekti.

Na kubadilisha siyo dhambi. Howl's Moving Castle, kitabu cha mama mmoja wa Kiingereza cha 1986, Mjapani Miyazaki kakipiga katuni 2004, kaongeza vita ambavyo kitabuni havikuwa hivyo, kapunguza mambo ya Wales mpaka mie niliyeishi Wales nikaona wivu, lakini yule msichana aliyegeuzwa bibi kizee kaachiwa nafasi ya kuwa bibi kizee. Anakaa. Anasafisha jiko. Anakunywa chai anaangalia ziwa. Muvi ina muda wa chai. Hapo mwenzenu huwa natokwa na machozi.

Kuhusu vitendo, mie sikuzuia mtu. Kitabu kwanza, muvi baadaye, na katikati wiki moja ya kupumzika. Maktaba nyingi za Uingereza mtoto anaandikiwa kitabu bure, kama hakipo wanakileta toka tawi jingine, muwekeeni nafasi kabla muvi haijatoka manake ikishatoka foleni inakuwa ndefu. Baada ya muvi hakuna simu, tunakaa mezani tunabishana, na tunabishana kwa Kiswahili. Hilo nililishikilia kwa nguvu. Mtoto wa huko Kiswahili chake ni cha kuombea chakula na kusalimia bibi, sasa muulize kwa nini joka lilikua ghafla uone atakavyohangaika kutafuta maneno, na kwa sababu ana hasira ya kweli atayapata. Wangu walijifunza "kukatiza", "kuchokoza", "kusaliti" kwa njia hiyo, siyo kwa daftari.

Na mkija mwezi wa saba huyo binti mlete kwangu. Usihangaike sana na tableti. Kuna Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mtu wetu, kazaliwa hapahapa Tanga Vibambani 1909, kitabu kimetoka 1952 na kina kila kitu wanachokitafuta hao watoto. Kuna mfalme Rai, na nchi yake inaitwa Ughaibuni, hebu fikirini, sisi ambao kila siku tunajiita watu wa ughaibuni! Kuna Ikibali anatumwa kwenda kwa Adili kudai kodi, usiku anachungulia anamuona mwenye nyumba anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, halafu anawakumbatia analia. Kesho yake tena. Kumbe manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na kuna jini, Huria, aliyeamrisha kila usiku wachapwe. Bibi yangu alitusimulia kwa siku tatu, anakata pale pale kwenye mjeledi, anasema nendeni mkalale. Usiku mzima tunajiuliza kwa nini anapiga huku analia. Usiku ule ndo hadithi yenyewe. Mtu akija kuipiga muvi, na natamani aje kabla sijafa, naomba asioneshe kuchapwa mara moja tu akaruka. Aoneshe usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, tuchoke na Adili, tuanze kuogopa jua kuzama.

Mama yangu alikuwa akituhadithia walivyokuwa wakienda Majestic pale mjini na nguo za Idi kuona muvi za Kihindi, masaa matatu mazima na mapumziko katikati, hawajui Kihindi lakini walilia kwa sababu muvi zilikuwa na muda. Basi nimesema mengi, vidole vimechoka.

Mama wa Leicester anaandika:

Shangazi nimesoma nikiwa kwenye basi nimepitiliza kituo. Nimemuomba radhi. Kanyamaza kidogo halafu kasema mama unajua kitu kingine walichokosea, akaanza, tumekaa mpaka saa nne usiku na kesho yake shule. Alikosa neno la kusema mtu anajifanya rafiki yako kumbe siyo, nikampa "mnafiki", sasa nyumba nzima wanafiki, hadi paka.

Kaniambia nikuulize kama Huria ni mbaya au mzuri. Mie sikujua nimjibu nini, shule tulikisoma kwa ajili ya mtihani.

Kaka wa Hamburg anaandika:

Mwambie asiambiwe, akifika Raskazone atajua mwenyewe.

Shangazi, wa kwangu mkubwa ana 16 anasoma Children of Blood and Bone, kile cha 2018 cha yule dada mwenye asili ya Nigeria, uchawi wake wote wa Kiyoruba, na muvi yake mhusika mkuu ni Thuso Mbedu wa Afrika Kusini. Anahesabu siku, na mie naogopa isije ikamvunja moyo, ila safari hii nimeshamwambia tunakwenda wote na tukitoka tunatafuta pa kukaa tubishane. Kasema sawa ila kwa Kijerumani. Nimekataa.

Halafu hiki kitabu cha Adili huku sikipati. Kuna anayekuja toka Tanga kabla ya mwezi wa tisa mwenye nafasi kwenye begi? Nakala mbili tu, hazina uzito, nitamlipia na nitampokea uwanjani.

Shangazi wa Raskazone anaandika:

Mama wa Leicester atarudi nazo, nitamfungia kwenye kanga. Na mwambieni mtoto kwamba swali lake la Huria nimelipeleka barazani jana, wamegawanyika nusu kwa nusu, mmoja kagoma kula bajia mpaka wenzake wakubali kwamba Huria kakosea. Wanamngoja yeye aje apige kura.