Uyuni mwezi Julai: nitakuta kioo au chumvi kavu?

Upepo_Mwanana
Wakuu, salaam. Likizo yangu inaangukia Julai na haisogezeki. Nimeitamani Salar de Uyuni, uwanda wa chumvi wa Bolivia, tangu nilipoona ile picha ya mtu anayetembea katikati ya mawingu, mbingu juu, mbingu chini. Sasa mmoja ananiambia Julai ndio msimu wenyewe, mwingine anasema nitakuta chumvi kavu tu. Aliyefika anifungue macho. Na kama Julai si mwezi wake, kwingine wapi penye maji na anga ya namna ile? Milima sipandi, magoti yamegoma.

Mzee_wa_Lenzi
Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ana Uyuni yake kichwani.

Kile kioo ni maji ya mvua, hakuna kingine. Uwanda una zaidi ya kilomita za mraba 10,000, ni kitako cha maziwa ya kale yaliyokauka, na umelala sawasawa kiasi kwamba wenye setilaiti hupimia vyombo vyao hapo. Mvua ikinyesha maji hayana pa kukimbilia. Yanatandaa kina cha sentimita chache, upepo ukitulia picha yako hiyo hapo. Mvua zenyewe ni Desemba hadi Machi au Aprili. Julai ni ukavu na baridi ya kutesa: usiku inashuka chini ya sifuri, na alfajiri betri ya kamera inazima ukiwa bado unatafuta pembe. Iweke ndani ya koti, ilale na wewe.

Hata hivyo chumvi kavu usiidharau. Uso wake hujichora pembe sita sita hadi macho yanapoishia, na gari linafika Isla Incahuasi, kisiwa cha mawe na madungusi makubwa katikati ya weupe. Wakati wa maji mengi huko mara nyingi hakufikiki. Kinachoniudhi ni wauza safari wanaobandika picha ya Februari kwenye tangazo la Julai. Mwombe picha ya wiki hii. Akianza kuzunguka, achana naye.

Ukitaka maji Julai, geukia Lençóis Maranhenses, kaskazini mashariki mwa Brazil. Watu huiita jangwa. Si jangwa, mvua yake ni nyingi mno kwa jina hilo. Mvua hunyesha nusu ya kwanza ya mwaka, maji yanakaa kwenye mabonde kati ya matuta meupe ya mchanga kwa sababu tabaka la chini haliyaachii, na mvua ikikatika unabaki na vidimbwi maelfu, vingine bluu, vingine kijani. Juni hadi Agosti ndio wakati wake. Ukichelewa hadi Novemba vingi vimeshakauka. Eneo ni hifadhi ya taifa tangu 1981, na UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 2024, kwa hiyo tegemea watu zaidi. Wengi hufikia Barreirinhas. Mimi ningelala Santo Amaro, matuta yako karibu zaidi. Kuogelea ruksa, na magoti yatakushukuru maana mchangani unatembea peku.

Nyayo_Pevu
Mzee kamaliza, naongeza la kimo. Uyuni iko takriban mita 3,650. Wengi huingia kutokea San Pedro de Atacama, Chile, mita 2,400 hivi, halafu usiku wa kwanza wanalazwa zaidi ya mita 4,000 karibu na Laguna Colorada. Ziwa jekundu, flamingo tele, na wewe unaliangalia umeshika kichwa kinachouma kwa hewa nyepesi ya juu. Afadhali uanzie Sucre, mji wa Bolivia, mita 2,800, ukae kidogo mwili uzoee, ndipo upande.

Maporomoko ya Victoria nayo Julai yanafaa. Aprili maji ni mengi hadi mvuke unaficha maporomoko yenyewe, Oktoba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mtupu. Julai unayaona na unalowa.

Upepo_Mwanana
Asanteni sana wakuu. Mzee, sasa nimeelemea Brazil. Swali la mwisho: kwenye matuta hayo naweza kwenda peke yangu na ramani ya simu?

Mzee_wa_Lenzi
Hapana. Upepo unasogeza matuta, na kila tuta linafanana na jirani yake. Chukua mwongozaji wa huko huko. Ukivuka kwa miguu mnalala kwenye vijiji vya ndani kama Baixa Grande na Queimada dos Britos, mnaondoka kabla ya jua. Ukiona mwendo ni mrefu, gari linakufikisha karibu na vidimbwi, unapanda tuta moja tu. Nenda alasiri, mchana wa saa sita mchanga wote ni mweupe na kamera haioni umbo lolote. Na funika lenzi, ule mchanga ni mwembamba kama unga.