Rokabili: mtoto wa kantri au bluzi iliyoporwa?

Santuri Moja (Nairobi)
Wakuu, nina jambo limenikaa rohoni. Wiki mbili hizi kila jioni nasikiliza rokabili, ile rock and roll ya mwanzo ya kusini mwa Marekani, ya 1954 hadi 1958, na simaanishi Elvis anayejulikana na kila mtu. Nasema Charlie Feathers, Sonny Burgess, Billy Lee Riley, Warren Smith. Vijana wa mashambani waliobisha mlango wa Sam Phillips, mwenye studio ya Sun pale Memphis, wakarekodi nyimbo chache, santuri zikauzwa kidogo kisha zikasahaulika. Waliozifukua ni wakusanyaji wa Ulaya, hasa Uholanzi, Uingereza na Ujerumani, miaka ya 1970. Bear Family, kampuni ya santuri ya Ujerumani iliyoanza 1975, imezitoa upya kwa makasha mazito yenye vitabu ndani. Bila hao, nusu ya sauti hizi tusingezisikia.

Hoja yangu ni hii. Kila maelezo ninayosoma yanasema rokabili ni Wazungu kuiba bluzi, basi, habari imekwisha. Mimi sikubali. Sikilizeni Delmore Brothers na Hillbilly Boogie yao ya katikati ya miaka ya 1940. Sikilizeni Move It On Over ya Hank Williams, 1947, halafu muweke Rock Around the Clock ya Bill Haley: sauti inapanda njia ileile. Sikilizeni Fred Maddox, mpiga besi wa kantri, anavyolichapa besi kwa kiganja kabla ya Elvis kuingia studio. Hiyo ni kantri inayoanza kukimbia. Sisi Wakenya tuliolelewa na Jim Reeves redioni kila Jumapili tunaijua kantri tukiisikia. Na mapenzi hayo ni ya zamani: mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mrekodi wa nyimbo za Afrika, aliwakuta Wakipsigis wanamwabudu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kama mungu. Kantri imefika mahali bluzi haikufika.

Mwana Tabora
"Sisi Wakenya." Mkuu, Jim Reeves mmemkodisha lini? Marehemu baba yangu alikuwa na santuri zake Tabora, na alikuwa hataki mtu mwingine azishike. Nimekua nikipangusa vumbi kwenye gramafoni ile. Usitugawie masikio kwa mipaka.

Kuhusu kuiba, Elvis alianza na wimbo wa nani? Arthur Crudup, mtu mweusi wa Mississippi. Elvis akauimba 1956 akatajirika, Crudup akabaki kwenye kazi za mashamba. Mnataka tuite nini?

Babu wa Tanga
Mwana Tabora, rekodi hiyo ni ya Julai 1954, siyo 1956. Wimbo wa Crudup ni That's All Right, ambao yeye mwenyewe aliurekodi 1946. Lakini geuza ile santuri ya Elvis. Upande wa pili ni Blue Moon of Kentucky ya Bill Monroe, wimbo wa kantri uliokuwa ukienda polepole kwa mapigo ya waltz, nao wakaukimbiza. Upande mmoja bluzi, upande mwingine kantri, sahani ni moja. Kila nikiishika nashindwa kuelewa kwa nini watu wanataka kuikata katikati.

Mwana Tabora
Asante kwa mwaka, mzee wangu. Lakini Monroe alilipwa, Crudup je? Amekufa 1974 akiwa bado anadai haki yake. Sahani ni moja, pesa zilikwenda upande mmoja.

Binti Sotik
Mimi nimekuja kwa neno moja tu. Santuri Moja, nani alikuambia Wakipsigis waliabudu mtu?

Santuri Moja (Nairobi)
Dada, siyo maneno yangu. Ni jambo linalojulikana. Wimbo unaitwa Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi ya huko. Wamishenari walikuja na gramafoni, watu wakasikia sauti ya Rodgers, wakaamini ni kiumbe nusu mtu nusu swala. Mimi naona ni sifa kubwa kwa muziki ule, sikutukana mtu.

Binti Sotik
Linajulikana na nani? Kapkatet, kijiji cha wimbo huo, ninaijua kama kiganja changu. Tracey alifika pale 1950, akarekodi nyimbo tatu zenye jina hilo, akaandika maelezo yake, akaondoka. Habari ya nusu mtu nusu mnyama imetoka kwenye maelezo yake. Hakuwa mtu wa lugha yetu. Wasichana wanaimba kwa furaha, wanamwambia mtu acheze mpaka nguo zimvuke, halafu mgeni anaandika "mungu". Je, kila anayetajwa kwenye wimbo wenu wa harusi ni mungu? Utani wetu umegeuzwa dini, na miaka sabini baadaye ndugu yangu Mkenya anaurudia kama ushahidi wa mambo ya Memphis. Hilo limeniuma.

Santuri Moja (Nairobi)
Mbona unanijibu kwa ukali hivyo? Nilitaja mstari mmoja. Mjadala ni wa rokabili.

Binti Sotik
Mstari mmoja ndio niliousoma. Kama haukuwa na uzito usingeuweka.

Mwana Tabora
Dada amesema kweli. Na ona lilivyo jambo moja na lile nililosema mimi: mwenye mashine ya kurekodi ndiye anayeandika maelezo, na maelezo yake ndiyo yanayobaki.

Santuri Moja (Nairobi)
Usiniunganishe, Mwana Tabora. Tracey alizunguka na gari na mitambo mizito akihifadhi nyimbo ambazo leo zingekuwa zimepotea. Ni kama hao wakusanyaji wa Ulaya niliowasifu. Bila Tracey, dada huyu angesikia wapi sauti za 1950 za kijiji chake?

Binti Sotik
Kwa bibi yangu.

Mto Wangu (Kisangani)
Niongeze langu kidogo. Umemtaja Warren Smith na sifa nyingi. Je, umesikiliza Ubangi Stomp yake ya 1956? Ubangi ni mto, unamwaga maji kwenye Kongo. Kwenye wimbo ule umekuwa jina la watu wa porini wanaorukaruka, na mkuu wao anaongea kile Kiingereza cha kuvunjika ambacho sinema za Marekani ziliwapa Wahindi Wekundu. Gitaa ni tamu, nakubali, mguu wangu unapiga wenyewe. Lakini mimi ni mtu wa huku, na kila nikiusikia nafika mstari wa pili nazima.

Babu wa Tanga
Huo hata mimi nauruka, kijana wangu.

Santuri Moja, naona unajitetea na ulikuwa na hoja nzuri, sasa imezama. Ngoja nikusaidie na pia nikupinge. Huyo Jimmie Rodgers uliyemfanya nguzo ya kantri, nyimbo zake nyingi mwenyewe aliziita Blue Yodel, na ya kwanza aliirekodi 1927. Ukiziondolea ile yodeli, yaani sauti ya kurukia juu na kushuka ghafla, mpangilio ni bluzi ya baa kumi na mbili, ileile ya watu weusi aliofanya nao kazi kwenye reli Mississippi. Mwaka 1930 aliingia studio na Louis Armstrong, yule mwenye tarumbeta, wakarekodi Blue Yodel namba 9. Miaka mitatu baadaye kifua kikuu kikamuua, ana miaka 35. Hank Williams unayemtaja alifundishwa na mpiga gitaa mweusi wa mitaani, Rufus Payne. Carl Perkins alijifunzia kwa mzee mweusi kwenye shamba la pamba. Na Charlie Feathers wako, tazama alitoka wapi: Holly Springs, Mississippi, alikokuwa akipiga gitaa na Junior Kimbrough, mwanabluzi hasa. Kwa hiyo ndiyo, rokabili ni mtoto wa kantri. Lakini mama huyo alikuwa na damu ya bluzi kabla mtoto hajazaliwa.

Santuri Moja (Nairobi)
Mzee, hayo sikatai. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba Feathers hakuleta chochote chake. Msikilize kwenye One Hand Loose, anavyoikata sauti, anavyoikwamisha kooni kama mtu mwenye kwikwi. Hiyo haikutoka kwa Crudup wala kwa Kimbrough. Mtu maskini, mtoto wa wakulima wasio na ardhi yao, alitengeneza sauti yake, akafa bila jina kubwa. Naye aliachwa nyuma. Naumia ninapoona watu wanampita kwa neno "mwizi" na hawajamsikiliza hata dakika mbili.

Mwana Tabora
Mimi sikusema Feathers mwizi. Nilimtaja Elvis, na nilitaja pesa.

Binti Sotik
Nimekaa nimetulia kidogo. Santuri Moja, uliuliza ningesikia wapi, nikakujibu kwa hasira, lakini jibu ni la kweli nusu. Rekodi zile zilikaa Afrika Kusini, kwenye maktaba aliyoianzisha Tracey, zaidi ya miaka 60 kabla ya kurudishwa Kapkatet. Waliozileta walifanya kazi na Ketebul Music ya huko kwenu Nairobi. Nilimwekea bibi ile ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, kwenye simu. Hakusema habari ya mungu wala swala. Alisema, "Huyu anayepiga chepkong ana haraka." Chepkong ni kinubi chetu. Kisha akataka irudiwe, akairudia mara nne, na mara ya nne akaimba nao sehemu ya kuitikia. Hakuwa ameiimba tangu aolewe.

Babu wa Tanga
Mpe bibi salamu zangu. Shikamoo nyingi.

Santuri Moja (Nairobi)
Dada, naomba kama unaweza utuandikie maneno ya wimbo, kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili, kama bibi anavyoyajua. Hapo tutakuwa na maelezo ya mwenyewe.

Binti Sotik
Nitamuuliza Jumapili. Lakini kwanza ondoa lile neno kwenye andiko lako la juu.

Santuri Moja (Nairobi)
Nimeliondoa sasa hivi. Nimeandika "waliimba kuhusu Jimmie Rodgers". Samahani, dada.

Mwana Tabora
Na ile ya Crudup?