Naombeni ushauri: naenda kutazama dansi ya kisasa Ujerumani

Wakuu, habari zenu. Niko likizo nyumbani Moshi, mwezi ujao narudi chuoni Ujerumani, mji wa Wuppertal. Wenzangu darasani wameshanikatia tiketi twende kutazama dansi ya Pina Bausch, mama wa Kijerumani aliyekuwa mtunzi wa dansi. Yeye alifariki 2009 ila kundi lake bado linacheza.

Kazi yenyewe inaitwa The Rite of Spring, ni ya 1975, muziki wa Stravinsky, mtunzi wa Kirusi. Jukwaa zima linamwagwa udongo, wachezaji wako pekupeku, na udongo unawaganda kwenye magauni mepesi yaliyolowa jasho. Msichana mmoja anachaguliwa kuwa kafara, anacheza mpaka anaanguka. Nilimwonyesha mama kipande kwenye simu huku tunamenya ndizi za mtori, akauliza hao wanacheza au wanalima. Kisha akanuna: kafara si jambo la kushangilia.

Sasa, huku kwetu ngoma ikinoga unapiga kigelegele, unainuka na noti kwenda kutuza. Kule naambiwa ukumbi ni kimya mpaka mwisho, hata kikohozi mtu anakibana. Ni kweli? Na mavazi je, jinzi safi inatosha?

Kubwa zaidi, mhadhiri anataka insha. Niandike kisa nilichokielewa, au namna miili inavyokwenda? Na lile la mama nalo niliweke, au nitaonekana mshamba?

Mliosoma nje, nisaidieni. Wa kuniambia nisiende apite tu, tiketi imeshalipwa.