Kitabu kimeandikwaandikwa pembeni, nikirudishe?

Kutoka Leicester

Asalaam aleikum jamaa wa Mvita mlioko nje,

Mpwa wangu wa Kibokoni, Mombasa, ameniagiza riwaya, jina lake herufi moja tu: S. Nikainunua mtandaoni, mpya, kwa bei ya mpya. Jana imefika. Kasha jeusi zuri, lakini ndani mna kitabu kikuukuu: kurasa zimegeuka manjano, mihuri ya maktaba, na pembeni kote watu wameandika kwa kalamu za kila rangi. Kukiinua tu, zikaanguka postikadi, barua, na tishu ya mkahawani iliyochorwa ramani! Fomu ya kukirudisha nimeshaijaza. Kabla sijakipeleka posta, yuko aliyekipata kizima, na wapi? Nasafiri tarehe 12.

Kutoka Toronto

Waaleikum salaam. Dada, futa fomu hiyo! Hicho ndicho kizima.

Waliokitunga ni J.J. Abrams, yule wa filamu, na Doug Dorst. Kilitoka 2013. Katikati ni riwaya ya kubuni inayojidai ni ya 1949, ya mwandishi asiyepata kuwako, V.M. Straka: mtu aliyepoteza kumbukumbu anachukuliwa kwa nguvu melini. Pembeni ni kisa kingine. Jen na Eric hawajaonana. Wanaachiana kitabu hichohicho maktabani na kuandikiana, swali kwa jibu, kejeli kwa kejeli, mpaka yanaingia mapenzi. Hata tanbihi za mfasiri chini ya kurasa zina mafumbo yake.

Sasa mwambie mpwa wako asikisome kama vitabu vingine, atachoka mapema kama nilivyochoka mimi. Nilikuwa nasoma kila kitu kwa mpigo, na kufika sura ya tatu sijui nani kafa. Siri iko kwenye wino. Penseli ni Eric peke yake, zamani. Buluu ya Jen na nyeusi ya Eric ndiyo mazungumzo yao ya kwanza. Chungwa na kijani ni baadaye, zambarau na nyekundu baadaye zaidi. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza tayari una maneno ya watu waliokwisha kujuana, yamekaa ubavuni mwa maneno ya siku waliyokutana. Mimi naona bora asome sura nzima ya katikati, kisha arudi asome maandishi ya penseli, ya buluu na nyeusi, hizo rangi nyingine aziache mpaka mzunguko wa pili. Wako wanaopinga. Shauri yao.

Wazungu wakikiita cha majaribio, sawa, ila tuliokaa darasani tukasomeshwa vitabu vya dini vilivyopigwa chapa Misri na Bombay twaijua sura hiyo: matini, yaani maneno ya asili, sharhe ya kuyafafanua, na hashiya, maelezo ya ziada, ukingoni. Hata Muyaka, malenga wetu wa Mombasa wa zamani, ukimsoma bila kisa cha pembeni hujui anamjibu nani. Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya mashairi hayo, ilimbidi akae na yule mmishonari Mwingereza, Taylor, amfafanulie ubeti kwa ubeti.

Ya safari: andika kila karatasi imetoka ukurasa gani, au zipige picha, kabla watoto hawajakigeuza juu chini. Kipakie begi la mkononi. Na usikitie mfuko wa plastiki wa dukani, Kenya umepigwa marufuku tangu 2017; kifunge kwa leso. Ukishafika usikiweke karibu na dirisha la baharini, unyevu wa Mji wa Kale waujua mwenyewe.

Kutoka Kibokoni, wiki tatu baadaye

Jamaa, kitabu kilifika salama, asante kaka wa Toronto. Ile tishu karibu tuipoteze: shemeji alikuwa barazani na viazi karai, akaiona mezani, akataka kupangusia ukwaju. Mpwa alipiga ukelele nyumba ya tatu wakasikia.

Yuko kwenye buluu na nyeusi, na hataki nimwambie kitu. Aliyenishangaza ni baba. Kiingereza chake ni cha bandarini, lakini alikipekua kitabu kile akitazama kingo tu, katikati hana haja napo. Akauliza, "Katika hawa wawili, nani mwalimu?" Nikamwambia hakuna, ni wanafunzi wote. Akaingia ndani, akatoka na vitabu vyake vya darasa, vimeliwa na mchwa pembe moja. Pembeni mna mwandiko wake wa ujanani, kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko mwingine mdogo wa mwalimu wake ukimsahihisha.

Pahali pamoja ameandika kwa penseli, "Hapa nimuulize Maalim." Chini yake hapana jibu. Maalim alikwishatangulia mbele ya haki, na baba amekaa na ukurasa ule tangu alasiri, hakumbuki alitaka kuuliza nini.