Biskuti za krimu: mbele Kiswahili na glasi ya maziwa, nyuma Kiingereza na sukari

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naombeni mnivumilie, maana hasira hii nimelala nayo wiki nzima.

Jumatatu iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka mitano kwa daktari wa meno. Magego manne yametoboka. Daktari alichokoa moja kwa kile kichuma chake cha ncha, akatoa uchafu ulioshindiliana kama ulimbo, una rangi ya waridi iliyofifia, akaupaka kwenye pamba akanionyesha. Akaniuliza, "Mama, saa nne anakula nini shuleni?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: biskuti za maziwa.

Biskuti za maziwa. Ndivyo tunavyoziita nyumbani, na jina hilo hatukulitunga sisi. Upande wa mbele wa pakiti kuna glasi ya maziwa yanayoruka hewani, kuna stroberi mbili zenye matone ya maji, kuna mtoto anapiga mpira, na kuna maandishi makubwa ya Kiswahili safi: "Krimu ya maziwa, nguvu ya mtoto kila siku." Sisi tukaamini. Mwaka mzima na zaidi, kila siku ya shule, pakiti moja ya gramu 60 ndani ya begi. Shilingi 500 kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Nilijiona mzazi anayejitahidi, kwa sababu wenzangu wanawapa watoto pipi na soda, mimi wangu anapata maziwa.

Mama yangu ndiye anayekaa na mtoto na ndiye aliyekuwa akizinunua. Anasoma vizuri tu, gazeti analimaliza kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Niliporudi kutoka kwa daktari nikampa pakiti nikamwambia, Mama, hebu nisomee huku nyuma. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akanirudishia. "Mwanangu, hapa hawajaniandikia mimi."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kweli. Nyuma yote ni Kiingereza na Kiarabu, herufi nyeupe juu ya waridi, tena zimewekwa karibu na mshono hata maneno mengine yamemezwa na gundi. Nililazimika kupiga picha kwa simu nikaikuza. Kampuni hii inakijua Kiswahili. Imelipa mtu akaiandikia tangazo la Kiswahili tamu kuliko la kwenye redio. Kiswahili kinaisha pale tu inapofika zamu ya kusema ndani kuna nini.

Sasa nawatafsiria mimi. Viambato, kwa mpangilio wao: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, wanga wa mahindi, sharubati ya glukosi, unga wa maziwa (0.8%), soda ya kuumulia, chumvi, lesithini ya soya, ladha bandia ya stroberi, rangi E122. Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Kanuni ya kimataifa ya lebo za vyakula inataka viambato viorodheshwe kuanzia chenye uzito mkubwa kushuka chini. Kwa hiyo baada ya unga ni sukari, baada ya sukari ni mafuta, na maziwa yako huko chini nyuma ya sukari ya pili iliyopewa jina jingine, maana sharubati ya glukosi nayo ni sukari. Stroberi yenyewe haipo kabisa. Tafuta mpaka kesho, haipo.

Twende kwenye hiyo asilimia 0.8. Katika gramu 60, hiyo ni chini ya nusu gramu ya unga wa maziwa. Ukiikoroga kwenye maji irudi kuwa maziwa ya kawaida, hupati hata kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kijiko cha chai! Na mbele wamechora glasi nzima inamwagika. Mtoto wangu amekula pakiti hizo siku baada ya siku na maziwa aliyopata humo kwa wiki nzima ya shule hayajazi hata vijiko vinne vya chai.

Krimu je? Juzi usiku nilifungua pakiti mpya, biskuti sita, nikakwangua krimu yote kwa kisu nikaiweka kwenye mizani ya jikoni. Gramu 17. Nikaitia kwenye kikombe cheupe, nikamimina maji ya moto, nikakoroga. Ndani ya dakika moja mafuta yalikuwa yanaelea juu, madoa ya duara yanayong'aa kama supu ya mkia. Chini maji yamegeuka waridi la kung'aa, matamu mpaka yanakereketa koo. Yalipopoa, mafuta yaliganda ukingoni mwa kikombe, na ukiyafikicha kwa kidole unaona ni mafuta ya kupikia yaleyale tunayonunua kwenye madumu. Hakuna krimu pale. Kwetu mtu akisema krimu unaelewa ile malai inayoganda juu ya maziwa. Wale wa Oreo, biskuti iliyoanza kutengenezwa New York mwaka 1912, Kiingereza chao wanaandika "creme" na si "cream", kwa sababu katikati pale hapana krimu ya maziwa. Hawa wa kwetu wameandika krimu, wakaongeza "ya maziwa" waziwazi.

Jedwali la lishe nalo lina ujanja wake. Kipimo kimoja kimeandikwa: biskuti 1, gramu 10, sukari gramu 3.8. Inaonekana ndogo. Mtoto gani anafungua pakiti ya biskuti sita anakula moja, anaifunga, anairudisha kwenye begi? Zidisha mara sita: gramu 22.8. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu nne, kwa hiyo ni vijiko vinavyokaribia sita. Mwite mwanao sasa hivi, mpe kikombe kitupu, umpimie vijiko sita vya sukari ale. Huwezi. Lakini ndicho nilichokuwa nafanya mimi saa nne kila siku.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo: sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,200 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 30 na asilimia 5 ni gramu 15. Pakiti moja imeshavuka hiyo 15 na imekula robo tatu ya 30, kabla hajanywa chai ya jioni, kabla ya juisi, kabla shangazi hajaja na zawadi. Na katika kila gramu 100 za biskuti hizi sukari ni gramu 38 na mafuta ni gramu 21. Jumlisha: gramu 59. Zaidi ya nusu ya unachokiita biskuti ni sukari na mafuta. Protini gramu 5. Na mawese, karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina ile inayoganda, inayopandisha kolesteroli. Hiyo ndiyo nguvu ya mtoto kila siku.

Kuhusu meno, daktari alinieleza taratibu na nikamwelewa. Unga laini uliochanganyika na sukari unanasa kwenye mifereji ya magego, bakteria wa kinywani wanaula na kutoa asidi, asidi inalainisha jino. Mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kuituliza. Soda inapita, hii inang'ang'ania. Mtoto anakula saa nne, hapigi mswaki mpaka usiku.

Na ile rangi E122. Ulaya, tangu Julai 2010, chakula chenye rangi hiyo lazima kiandikwe onyo kwamba huenda ikaathiri utendaji na usikivu wa watoto. Onyo hilo lilitokana na utafiti uliofanyika Southampton, Uingereza, ukachapishwa 2007. Sisemi mwanangu ameathirika, hilo sina ushahidi nalo. Ninachosema ni kwamba mzazi wa kule anaambiwa kwa lugha yake, halafu aamue mwenyewe. Mimi nimeachiwa herufi moja na tarakimu tatu.

Nilipiga namba iliyo kwenye pakiti. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili alipokea kijana mwenye adabu, nikamuuliza maziwa yako wapi. Akasema, "Mama, viambato vyote viko nyuma ya pakiti." Nikamuuliza, kwa lugha gani? Kimya. Kisha akasema krimu ya maziwa ni jina la ladha. Nikamwomba anitumie maneno hayo kwa barua pepe, akasema atamuuliza msimamizi wake. Leo siku ya nne.

Najua watakuja watu hapa kuniambia mzazi asome lebo. Nimewasikia. Mama yangu alisoma. Alisoma kila neno lililoandikwa kwa lugha yake, na kila neno lililoandikwa kwa lugha yake lilimdanganya. Mnataka afanye nini zaidi, ajifunze Kiingereza akiwa na miaka 67 ili amnunulie mjukuu biskuti? Na dada wa kazi, na Mangi mwenyewe ambaye nilipomwonyesha alishangaa kuliko mimi, akasema, "Dada, hizi ndizo zinazotoka kuliko zote, wazazi wanaziulizia kwa sababu ya maziwa."

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Chile tangu Juni 2016 pakiti ikizidi kiwango inabandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele, kubwa, imeandikwa ina sukari nyingi. Kwa chakula kisicho cha kimiminika kiwango chao sasa ni gramu 10 za sukari kwa kila gramu 100. Hii yetu ina 38. Michoro ya kuvutia watoto nayo wameipiga marufuku kwenye vyakula vya namna hiyo, na shuleni haviuzwi. Yule mtoto anayepiga mpira asingekuwapo. Alama ile haihitaji hata kujua kusoma, unaiona tu.

Sijasema biskuti zipigwe marufuku. Watoto watakula biskuti, mimi mwenyewe nilikula nikiwa mdogo, siku ya sikukuu. Nataka wafute glasi ya maziwa au waweke maziwa. Waandike viambato kwa Kiswahili kwa ukubwa uleule waliouona unafaa kwa tangazo. Na kipimo kiwe pakiti nzima, kwa sababu ndiyo inayoliwa.

Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yalitoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) yakaenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo barua yangu inakwenda huko Jumatatu, na pakiti tatu nimezitunza na risiti. Barua ya mtu mmoja ni nyepesi. Nawaomba wenye watoto: nenda sasa hivi kwenye kabati au kwenye begi la shule, piga picha mbele na nyuma ya pakiti yoyote ya biskuti za krimu, iweke hapa chini. Nyuma ipige ukiwa karibu, kwenye mwanga, ili herufi zisomeke. Kampuni yoyote. Nitazitafsiri moja moja usiku mtoto akilala, niziambatanishe zote.

Binti amezibwa meno mawili, mawili bado. Leo saa nne alikula yai na kiazi kitamu, akaniuliza biskuti zake za maziwa zimekwenda wapi.