Kitufe kimoja tu, naambiwa nilipie!

Wakuu, mnawajua ninaowasema, sina haja ya kutaja. Hiyo programu yao ya ofisi ya bure. Sasa hivi, moto moto: unabofya kulia kwenye utepe wa juu ili uweke kitufe cha kuchapa, kinaruka kidirisha: LIPIA. Kitufe, jamani! Nani kaomba injini ya ndege?

Laptop nyingi za Kariakoo kioo chake ni pikseli 1366 kwa 768. Utepe unakula juu, tangazo limejibanza kulia, ukurasa unabaki na upana wa tiketi ya daladala. Ctrl+F1 inakunja utepe, sawa, lakini tangazo halikunjiki. Kuhifadhi ni mtandaoni tu, bando linateketea. Hayo yote yanavumilika. Ila kitufe? LIPIA?

Fundi Kipara: Umepewa nyumba bure unagombania pazia. Weka LibreOffice, nayo ni programu ya ofisi ya bure. Ukitaka utepe: View, User Interface, Tabbed, Apply to All. Vitufe: Tools, Customize, Toolbars. Pale kwenye Scope chagua LibreOffice Writer, ile ya kuandikia. Ukiacha jina la faili, vitufe vitakaa kwenye faili hilo tu, kesho utatufungulia uzi mwingine.

Mleta uzi: Asante mkuu, ila kuhamisha kitufe ni haki ya mtu! Kitufe!

Shangazi wa Tabata: Ukivuruga: Help, Restart in Safe Mode, Reset to factory settings, tiki mipangilio na mwonekano tu. Ile ya kufuta wasifu mzima wa mtumiaji (user profile) usiiguse, inaondoka na maneno yote uliyoongeza kwenye kamusi.

Mzee wa Fonti: Kitufe kitu gani! Faili lenye fonti ya Calibri likifunguliwa kwenye mashine isiyo nayo, CV ya ukurasa 1 inakuwa 2. Wekeni Carlito, upana wa herufi ni uleule. Kwa Cambria, Caladea.

Kijana wa Mbagala: Na steshenari je? Unapeleka PDF ya A4 safi, jamaa wakati wa kuchapa anaacha Fit, ile ya kubana ukurasa, fomu inatoka imesinyaa. Msimamieni aweke Actual size!

Fundi Kipara: 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu kwa Kiswahili. Leo tunaelekezana "Tools, Customize". Inauma.

Mleta uzi: Jamani, kitufe changu...

Shangazi wa Tabata: Wa Mbagala, nao wanachapa pande mbili kurasa za nyuma zikiwa kichwa chini?

Kijana wa Mbagala: Kila siku! Waambie kwenye mipangilio ya kuchapa wachague flip on long edge.